Kufuli ni lile lile, mbona hakimu kalikataa?

Swali limetoka kwa kijana mwenye duka la simu Chake Chake. Nimelifupisha kidogo, maneno ni yake:

"Asalamu alaykum mzee, na shikamoo. Mwaka jana duka langu lilivunjwa usiku. Walikata kufuli, wakavunja kabati la vioo, wakachukua simu 11 na pesa za mauzo. Nilifika baada ya sala ya alfajiri. Kufuli nililiokota nikalitia kwenye droo lisije likapotea, na vioo nikavifagia kwa sababu watoto wa skuli hupita pale barazani, wengine peku. Siku ya pili nikalipeleka kufuli polisi. Baada ya mwezi alikamatwa mtu, na nyumbani kwake kukakutwa mkasi wa kukatia vyuma na simu moja katika zile zangu. Watu watatu walisema walimuona usiku ule. Mwisho wa yote kaachiwa. Hakimu kasema kufuli halina uzito, simu haikuthibitika kuwa ni yangu, na mashahidi hawakumtambua sawasawa. Mzee, chuma hakisemi uongo. Kufuli ni lile lile, kwa nini likataliwe? Na hizo alama za vidole tunazozisikia kila siku, mbona kwangu hazikupatikana?"

Waalaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Pole kwa hasara, na pole zaidi kwa kukaa mahakamani mwaka mzima ukarudi mikono mitupu. Nimestaafu sasa, lakini miaka yangu mingi nimeimaliza katika kazi hiyo hiyo ya kuinama chini kuokota vitu kwenye maeneo ya uhalifu, Unguja na Pemba. Nitakujibu bila kukupaka mafuta: sehemu kubwa ya kesi yako ilipotea kabla polisi hawajafika, na mkono ulioipoteza ni wako. Hukukusudia, najua. Hata mimi nimewahi kuipoteza kesi kwa mkono wangu, na hilo nitakusimulia.

Unasema chuma hakisemi uongo. Sawa, lakini ukweli nao hakiusemi. Kielelezo, yaani kitu kinachotolewa mahakamani kuwa ushahidi, kikifika mezani kwa hakimu ni bubu. Anayekisemea ni mtu, na mtu huyo lazima aweze kueleza kilitoka wapi, nani alikigusa, kililala wapi usiku na kilifungwa ndani ya nini, mpaka kikafika pale. Pakiwa na usiku mmoja usiokuwa na mwenyewe, wakili wa upande wa pili atauingia usiku huo na kufanya makaazi.

Nikuoneshe kwanza kile kufuli lako lilichokuwa nacho, ndiyo utaona uchungu wangu.

Chukua kufuli lolote lililokatwa kwa mkasi wa vyuma, ulitie chini ya taa na uligeuze taratibu. Angalia ile pete ya juu, inayopita kwenye tumbuu la mlango. Pale ilipokatwa utaona imebonyea pande mbili, na katikati kuna kigongo chembamba ambapo meno mawili ya mkasi yalikutana. Juu ya mbonyeo huo kuna michirizi, mingine myembamba kuliko unywele. Hiyo michirizi ndiyo mali. Umewahi kumtazama seremala mwenye randa iliyopata pengo? Kila ubao anaoupiga hutoka na mstari pale pale, na ukiletewa mbao kumi kutoka karakana kumi, za kwake utazichagua. Meno ya mkasi wa vyuma ni hivyo hivyo. Yalipotoka kiwandani yalikuwa yameshapata mikwaruzo yake ya kunolewa, na kila nondo na kila waya yaliyokata tangu hapo umeyaachia pengo jengine.

Mtaalamu akipewa kufuli na mkasi, anakata kwa mkasi ule kipande cha risasi (madini ninayosema, si ya bunduki), kwa sababu ni laini na hupokea alama bila kuyaumiza meno. Kisha anaweka kipande hicho na kufuli chini ya hadubini ya kulinganishia, ambayo huonesha vitu viwili katika picha moja, nusu huku na nusu kule. Anavisogeza mpaka michirizi ya upande mmoja ipokelewe na ya upande wa pili, kama nakshi ya ukili inapoungwa vizuri kwenye mkeka. Ikipokelewa, ana la kusema. Ila kuna jambo moja halifanywi kabisa, nalo ni kuutia mkasi wenyewe kwenye lile kufuli "kujaribu kama unaingia". Ukishafanya hivyo umeweka alama mpya juu ya ya zamani, na hakuna atakayejua ipi ya mwizi na ipi yako. Nimewaona watu wenye vyeo wakilifanya hilo mbele ya macho yangu.

Sasa rudi kwenye droo yako. Mna nini ndani ya droo ya duka la simu? Bisibisi, kibano, chaja mbovu, kopo la sarafu. Kufuli likalala humo na chuma chengine, likigongana kila ulipoifungua. Wakili atauliza: nani mwengine ana ufunguo wa droo? Uliliandika tarehe? Lilipofika kituoni lilitiwa kwenye bahasha gani, na nani alitia saini? Kufuli za aina hii, si zinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi Chake na Wete? Kwa hiyo unajuaje kuwa hili ndilo? Utajibu, "Nalijua tu, ni langu." Basi, hapo mwenzako ameshakaa kitako.

Hakimu hakulibuni jambo hili. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ndiyo inayopokea rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar pia, ilieleza katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 kwamba kielelezo kinatakiwa kiwe na kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano, tangu kilipokamatwa, kikatunzwa, kikahama mkono, kikachunguzwa, hadi mwisho wake. Baadaye mahakama hiyo hiyo imelegeza kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa au kuchezewa, kama pikipiki. Pikipiki ina namba ya chasisi, huwezi kuitia mfukoni ukaleta nyengine. Kufuli unaweza. Ndiyo maana unga wa dawa za kulevya, noti na vitu vidogo vidogo hubanwa zaidi.

Tuje kwenye ufagio. Nasema kwa upole, maana hata mimi nisingependa mtoto akatwe na kioo. Kioo kinapopigwa, vipande vingi huenda mbele, lakini vidogo mno, vya kama chembe ya sukari, hurukia nyuma kwa aliyepiga. Hukaa kwenye nywele, kwenye upindo wa suruali, mifukoni, na hujikita kwenye soli. Mfaransa mmoja, Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910 katika vyumba viwili vya darini kwenye jengo la mahakama, ndiye aliyeijengea kazi hii msingi wake: watu wawili wakigusana, au mtu na mahali, kila mmoja huondoka na kitu cha mwenzake. Mwaka 1912 alichukua uchafu wa chini ya kucha za mtu aliyeshukiwa kumnyonga mchumba wake, akakuta ndani yake poda ya uso ya rangi ya waridi, ile ile ya yule binti. Mtu huyo alikuwa na mashahidi kwamba usiku ule alikuwa anacheza karata na wenzake. Poda ikawashinda, na mwenyewe akakiri.

Lakini ili kioo cha kwenye soli kiwe na maana, lazima kuwe na kioo cha dukani cha kukilinganisha nacho, namna kinavyoupinda mwanga na vilivyomo ndani yake. Chako kilikwenda jaani. Na tusidanganyane: mtu alikamatwa baada ya mwezi, nguo zimeshafuliwa mara kadhaa. Pengine kisingepatikana kitu, labda kwenye soli. Ninachosema ni kwamba baada ya ufagio hata kutafuta hakukuwa na maana tena.

Ufagio huo huo ulichukua na nyayo. Utaniambia nusu ya Pemba inavaa ndara za aina moja, unyayo utamtambulisha nani? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha mpelelezi na mpiga ramli. Muundo wa soli unakupa kundi tu, yaani "aliyevaa ndara za aina hii, saizi hii". Kinachomtoa mtu mmoja ndani ya kundi ni kile ambacho maisha yamekitia kwenye ndara yake: imelika upande wa ndani wa kisigino, ina mkato wa kigae, au, kama tunavyofanya sote, kidude cha mkanda kimeng'oka akapitisha msumari chini kuzuia. Niliwahi kuuona msumari huo kwenye udongo wa shamba la karafuu, mstari mmoja mfupi uliolala kwa mshazari ndani ya unyayo wa kulia. Tukamimina jasi, tukasubiri ikauke, tukaondoka na unyayo mkononi. Mwenye ndara tulimpata akiwa nazo miguuni.

Karafuu zenyewe kesi ile hazikutufaa kitu. Alikutwa na gunia, na makonyo kwenye buti la gari, lakini karafuu ya shamba hili na ya shamba lile, zikishaanikwa, nani atazitenganisha? Zilituthibitishia kwamba gari lilibeba karafuu, na msimu ule gari gani Pemba halikubeba karafuu?

Uliuliza alama za vidole. Wazee wetu walitia dole gumba kwenye hati za shamba na za rehani, na asili ya mambo haya ni huko huko kwenye mikataba: Mwingereza William Herschel alianza kuwatia watu alama za mkono kwenye mikataba huko Bengal mwaka 1858, na ofisi ya Calcutta ikazifanya utaratibu wa polisi mwaka 1897. Waliofanya hesabu ya kuzipanga ili zitafutike walikuwa Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa sifa ikaenda kwa bosi wao, Edward Henry. Hayo ya bosi kuchukua sifa unayajua mwenyewe.

Mistari ya kidole hujitengeneza mtoto akiwa bado tumboni, na hata pacha wa kufanana hutafautiana. Unapogusa kitu unaacha jasho na mafuta kidogo kwa umbo la mistari hiyo. Sasa inategemea umegusa nini. Kioo, bati lililopakwa rangi, gamba la simu: hapo panashika vizuri, unapakaza unga laini kwa brashi, alama inasimama, unainyanyua kwa utepe. Karatasi nayo ina dawa yake inayoifanya alama igeuke zambarau. Lakini ukuta wa mawe na chokaa, mbao isiyopigwa randa, kamba ya makumbi, sahau. Katika duka lako, mahali bora kuliko pote palikuwa vile vipande vya kioo cha kabati. Na hata vingekuwepo, ingebidi wewe, mdogo wako na kila anayesimama dukani mchukuliwe alama zenu kwanza ili ziondolewe, maana kioo cha kabati la simu hushikwa na mtaa mzima. Alfajiri ile watu waliotoka msikitini waliingia wangapi kuangalia? Kila aliyeinama akashika meza aliacha yake na kufuta ya mwenzake. Kisha mwizi anaweza kuvaa glavu, au kidole kikateleza kikaacha ukungu tu. Kukosekana kwa alama hakuthibitishi kwamba mtu hakuingia, ila mbele ya hakimu hakukusaidii.

Nilikuahidi kosa langu. Ilikuwa masika, kabla Zanzibar haijapiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Tulikuta shati lenye damu, limerowa mvua. Nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga fundo, nikaandika kila kitu kwa unadhifu: tarehe, saa, mahali, saini yangu na ya sheha. Karatasi zangu zilikuwa hazina doa. Shati likakaa siku kadhaa likisubiri safari. Lilipofunguliwa, harufu ilimtoa mtu nje. Lilikuwa limeota ukungu mweusi, na mkemia akarudisha jibu kwamba hakuna cha kupima. Damu, mate na kila kilichotoka mwilini hukaushwa kivulini kwanza, kisha hutiwa ndani ya karatasi, bahasha ya kaki inatosha kabisa, kipate kupumua. Kwa joto na unyevu wetu wa visiwani, plastiki ni chungu cha kupikia vijidudu. Serikali iliipiga marufuku kwa ajili ya mazingira, mimi ningeipiga marufuku mapema zaidi kwa ajili ya lile shati.

Na kwa kuwa nimetaja damu: kijana mmoja mgeni kazini aliniita mbio kuniambia ukuta una damu. Nikaenda. Mate ya tambuu! Tulicheka, lakini sikumruhusu ayafute. Rangi haikuwa damu, ndiyo, ila mate yana chembe hai za aliyetafuna, na kwenye chembe hizo mna vinasaba (DNA). Alec Jeffreys aligundua njia ya kumtambulisha mtu kwa vinasaba huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984, na kesi ya kwanza kubwa ya mauaji iliyotumia njia hiyo ilianza kwa kumtoa hatiani kijana aliyekuwa ameshakiri kosa moja. Wengi hulisahau hilo. Kielelezo kizuri hufungua mlango wa jela vile vile.

Usije ukadhani basi vinasaba havikosei. Ujerumani walimtafuta mwanamke mmoja kwa miaka. Vinasaba vyake vilipatikana kwenye matukio kama 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa, la zamani zaidi likiwa mauaji ya mwaka 1993, na mwaka 2007 vikapatikana kwenye mauaji ya askari polisi mjini Heilbronn. Zawadi ilifika euro 300,000. Mwaka 2009 ikajulikana hakuna jambazi. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda aliyehusika na vile vijiti vya pamba ambavyo polisi walivitumia kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini havikusafishwa vinasaba. Kwa hivyo ukimuona wakili anauliza maswali ya kuchosha, bahasha ilitoka wapi, nani aliifungua, usimchukie. Wajerumani nao wangeuliza mapema.

Kuhusu mashahidi watatu sitakaa sana. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeweka wazi ya kuangalia kwa mtu anayesema kamtambua mwenzake usiku: alikuwa umbali gani, alimuona kwa muda gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu gani, alimjua kabla au ndiyo mara ya kwanza. "Nilimuona kwa taa ya pikipiki iliyopita" haitoshi, hata wakisema watatu.

Nimeiacha simu mwisho kwa sababu ndiyo inayoniuma. Mtu akikutwa na mali iliyoibiwa karibuni, sheria inaruhusu mahakama imhesabu kuwa ndiye mwizi asipotoa maelezo ya kuridhisha. Lakini kwanza ithibitike kwamba kweli kakutwa nayo, kwamba mali ni ya mlalamikaji, kwamba imeibiwa kwake karibuni, na kwamba ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka. Wewe ulianguka kwenye la pili. Bila shaka ulioneshwa simu ukasema, "Ndiyo, hii yangu." Kinachotakiwa ni kuieleza kabla hujaioneshwa. Na simu, mwanangu, ni mali rahisi kuliko zote kuieleza, kwa sababu imezaliwa na jina: IMEI, tarakimu 15, ukibonyeza *#06# inatokea, na imepigwa chapa kwenye boksi lake. Ndiyo namba iliyotumika mwaka 2016 simu bandia zilipozimwa nchi nzima. Kufuli linahitaji hadubini na mtaalamu, wengi wako Dar es Salaam. IMEI inahitaji daftari la shilingi elfu moja. Uliiandika kwenye daftari la mapokezi? Swali lako halikuitaja hata mara moja, na ndipo nilipopata jibu.

La kufanya sasa. Chukua nakala ya hukumu uisome mwenyewe, uone kama kaachiwa huru au kaachiwa tu, maana hayo ni mawili tafauti. Aliyeachiwa tu anaweza kushtakiwa tena. Aliyeachiwa huru, njia ni rufaa, na anayeikata ni Mkurugenzi wa Mashtaka, si wewe. Nenda ofisini kwao na hukumu yako mkononi, na nenda mapema, rufaa zina siku zake.

Na Mungu apishe mbali, ukivunjiwa tena, simama mlangoni, usiingie. Mpigie polisi, na sheha aje. Ukiona mvua inakuja, funika unyayo kwa beseni. Watoto wa skuli wapitishe upande wa pili wa njia. Piga picha kwa simu yako kabla mtu hajagusa, na weka sarafu karibu na kitu ili ukubwa wake ujulikane.

Ila zile simu 10 bado ziko nje, ziko mikononi mwa watu, zinapiga na kupokea. Hebu panda juu ya kabati, angalia nyuma ya stoo. Yale maboksi uliyatupa?